Pamba ya Bunda, Mihogo ya Majita

Mkulima wa pamba wa Bunda hana mbegu yake mwenyewe, na hajawahi kuwa nayo. Analima, anapanda, anapalilia, anapulizia dawa, anachuma, anatenga safi na fifi, anapeleka chama cha ushirika, AMCOS, mzigo unapimwa. Mbegu inaondoka humo humo, imejificha ndani ya nyuzi. Kiwanda cha kuchambua ndicho kinachoitoa. Nyuzi zinafungwa marobota, mbegu nyingi zinakamuliwa mafuta, mashudu yanakwenda kwa ng'ombe, na sehemu inayobaki hurudi vijijini msimu wa kupanda ukikaribia, kwenye mifuko, pamoja na ekapaki za dawa, kwa utaratibu unaosimamiwa na Bodi ya Pamba. Mifuko ikichelewa, mvua haimsubiri mtu. Mbegu isipoota, hakuna kibuyu cha akiba jikoni cha kukimbilia. Hata siku ya kung'oa masalia mkulima hajipangii: yanatakiwa yawe yameng'olewa na kuchomwa ifikapo 15 Septemba, ili funza wasipate pa kulala.

Teremka ziwani, Majita au Bukwaya, mambo yanageuka. Mbegu ya muhogo ni pingili, kipande cha mti chenye macho matano au sita. Hainunuliwi, au tuseme kwa miaka mingi haikununuliwa. Jirani akivuna, miti inaegemezwa chini ya mwembe, na anayetaka anapita kuchukua mzigo wake. Binti akiolewa kijiji cha pili, muhogo wa kwao unamfuata. Serikali ya mkoloni iliwahi kuwalazimisha watu kulima muhogo wa akiba ya njaa, na serikali huru ikasisitiza mazao ya aina hiyo wakati wa kampeni ya kilimo cha kufa na kupona ya miaka ya 1974 na 1975. Lakini amri zote hizo zilihusu shamba. Pingili ziliendelea kupita njia zao za undugu na ujirani.

Upinzani dhidi ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba, yale ambayo kila mtu anayaita GMO, hausomeki vizuri Tanzania ukiuanzia maabara. Uanzie kwenye swali la mbegu kutoka mkononi mwa nani, utauelewa. Wanaopinga wanaogopa kwamba kila zao litakuja kuwa pamba. Na hakuna mahali pazuri pa kuipima hofu hiyo kuliko mkoa wa Mara, ambako pamba na muhogo hukutana katika kaya ileile: mtu yule yule leo anasubiri mbegu kwa karani wa AMCOS, kesho anagawa pingili bure.

Tanzania iliridhia Itifaki ya Cartagena, mkataba wa dunia kuhusu usalama wa viumbe hivi, mwaka 2003. Mwaka 2009 zikaja kanuni za usalama wa bioteknolojia chini ya sheria ya mazingira, na ndani yake kukawa na kifungu kilichowakosesha watafiti usingizi: dhima kamili. Maana yake ni kwamba ukileta kiumbe kilichobadilishwa vinasaba na madhara yakatokea, unalipa, hata kama hukuzembea chochote. Hakuna kampuni iliyokuwa tayari kutia saini hapo. Wanasayansi walilalamika kwamba hata utafiti ndani ya uzio umefungwa. Wapinzani walisema ndivyo inavyotakiwa, mwenye uhakika na bidhaa yake aogope nini? Mwaka 2015 kanuni zililegezwa kwa upande wa majaribio, na Oktoba 2016 mahindi ya kwanza ya aina hiyo yakapandwa kwenye kituo cha Makutupora, Dodoma.

Mahindi yale yalitoka kwenye mradi wa WEMA, uliotafuta mahindi yanayovumilia ukame kwa nchi za Kenya, Uganda, Tanzania, Msumbiji na Afrika Kusini. Uliratibiwa na taasisi ya AATF ya Nairobi. Kinasaba kilitoka kwa bakteria wa udongoni, Bacillus subtilis, na kilitolewa na kampuni ya Monsanto bila malipo ya hakimiliki kwa wakulima wadogo. Fedha nyingi zilitoka kwa wakfu wa Bill na Melinda Gates, pia wakfu wa Howard Buffett na shirika la misaada la Marekani. Soma tena orodha hiyo kwa macho ya mtu aliyekulia katika nchi iliyotangaza kujitegemea mwaka 1967. Huhitaji kujua chochote kuhusu bakteria ili ushtuke. Watetezi wa mradi hawakuwahi kulielewa jambo hili sawasawa: walijibu maswali ya baiolojia kwa uvumilivu mkubwa, wakati walioketi mbele yao walikuwa wanauliza maswali ya siasa.

Waliouliza hawakuwa wachache. Mtandao wa wakulima MVIWATA, ulioanza mwaka 1993, ulikuwa mbele. Muungano wa bayoanuwai unaojulikana kama TABIO uliwakusanya watu wa kilimo hai na watetezi wa mbegu za asili. Pamoja nao walikuwa mtandao wa PELUM na Kilimo Endelevu Tanzania ya Morogoro. Upande wa pili walikuwapo Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na watafiti wa serikali. Mikutano mingi ilifanyika Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam, na kila upande ulisema kwa niaba ya mkulima. MVIWATA angalau ina haki ya kusema hivyo, wanachama wake wana jembe mkononi. Wengine wote, mimi nikiwamo, tunasema kwa kuazima.

Kisha serikali ikageuka. Novemba 2018 Katibu Mkuu wa Wizara ya Kilimo, Mathew Mtigumwe, aliagiza majaribio yasimame na masalia yake yateketezwe. Januari 2021 Waziri wa Kilimo, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kwamba majaribio ya GMO yamefutwa. Yaliyofunguliwa kwa kanuni yakafungwa kwa tamko. Wapinzani walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, ingawa ushindi wa namna hiyo una kasoro yake: kinachofungwa kwa tamko la waziri mmoja kinafunguliwa kwa tamko la mwingine.

Maneno ya mtaani yalikuwa na njia yake tofauti. Simama kwenye genge la Iringo, Musoma mjini, au mji wowote wa Kanda ya Ziwa, utasikia kwamba tikiti lisilo na mbegu ni GMO, nyanya isiyooza wiki nzima ni GMO, kuku wa kisasa anayechinjwa kabla ya miezi miwili ni GMO. Hakuna hata kimoja. Tikiti hilo ni chotara, kuku ni matokeo ya kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi, na nyanya ni nyanya yenye ganda gumu. Jina GMO limekuwa kapu la kila chakula kinachokua haraka, kikubwa, kisicho na ladha ya kwetu. Wataalamu hucheka wakisikia hivyo, na hapo wanakosea, kwa sababu ndani ya kapu hilo kuna malalamiko halali: watu wanaona chakula kinabadilika na hakuna aliyewauliza.

Kuna kumbukumbu ya zamani pia. Waliokuwa na umri wa kukumbuka katikati ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanaukumbuka unga wa njano wa msaada, ulioitwa Yanga kwa rangi ya jezi za timu. Uliliwa kwa sababu ya njaa, na ulisemwa vibaya mdomo ukiwa umejaa. Mahindi yale yalikuja kabla GMO yoyote haijauzwa duniani, hivyo kinasaba hakikuwa na lawama. Lakini yaliacha wazo kwamba chakula kinachotoka ng'ambo bure kinakuja kwa sababu wenyewe hawakitaki. Zambia ilipokataa mahindi ya msaada mwaka 2002, nchi ikiwa kwenye njaa, na Rais Levy Mwanawasa akayaita sumu, wengi huku kwetu walimwelewa bila kufafanuliwa.

Ni kwenye neno hilo, sumu, ndipo upinzani unapochechemea. Mwaka 2012 mtafiti wa Ufaransa, Gilles-Éric Séralini, alichapisha picha za panya wenye uvimbe mkubwa, akisema walilishwa mahindi ya GMO. Miezi miwili haikupita, Novemba mwaka huo, Kenya ikapiga marufuku uingizaji wa vyakula hivyo. Mwaka uliofuata jarida lenyewe liliifuta makala ile: panya walikuwa wachache mno kwa kila kundi, tena wa jamii inayopata uvimbe kwa urahisi ikizeeka. Makala iliondoka, marufuku ikakaa miaka 10. Mwaka 2016 akademia ya taifa ya sayansi ya Marekani ilipitia tafiti mamia na haikupata ushahidi kwamba vyakula vya GMO vilivyoko sokoni vinadhuru afya kuliko vya kawaida. Afrika Kusini wanakula ugali wa mahindi meupe ya namna hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Sumu iliyoua watu Afrika Mashariki tunaijua kwa jina, na ni ya asili kabisa. Sumukuvu, inayotengenezwa na fangasi kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri, iliua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, malori yakakwama mpakani siku kadhaa. Ningependa kuona nusu ya hasira tunayoitumia kwa panya wa Ufaransa ikitumika kudai maturubai ya kuanikia na maghala yasiyovuja. Sitarajii. Kampuni ya kigeni inachukika kirahisi kuliko fangasi.

Kwa hiyo hoja ya afya ni dhaifu. Hoja ya mbegu je?

Hapo turudi Bunda. Pamba ya GMO imepewa kinasaba cha bakteria, Bacillus thuringiensis, kinachoufanya mmea wenyewe umuue funza wa vitumba anapoutafuna. Mkulima anapunguza kupulizia. Kwa zao ambalo dawa yake hugawiwa kwa kuhesabiwa, na ambalo wapuliziaji wengi hawana barakoa wala glavu, faida hiyo haiwezi kudharauliwa. Kenya iliruhusu pamba hii Desemba 2019, na mbegu zake ni chotara zenye asili ya India, za kununua kila msimu. Tanzania nayo iliitamani zamani, katikati ya miaka ya 2000, hasa kwa ajili ya Nyanda za Juu Kusini, ambako kilimo cha pamba kilipigwa marufuku tangu mwaka 1968 kuzuia funza mwekundu asipande kuja Kanda ya Ziwa.

Mwanaharakati akifika Bunda na kusema kwamba kampuni zitakunyang'anya mbegu, mkulima ana haki ya kumuuliza: mbegu ipi? Anazopanda zimetoka Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichoko Misungwi, kwa majina kama UKM08, na kabla yake UK91 (UK ya hapo ni Ukiriguru, msidhani ni Uingereza). Ni mbegu za umma, na hilo ni jambo kubwa, lakini hazijawahi kuwa zake. Hofu yake iko kwingine, na Burkina Faso inaieleza vizuri kuliko kipeperushi chochote.

Burkina Faso iliingia kwenye pamba ya GMO mwaka 2008 kwa ukubwa. Upuliziaji ulishuka kutoka mara sita hadi mara mbili, wakulima wengi wakafurahi, na kwa miaka michache sehemu kubwa ya pamba ya nchi ikawa ya aina hiyo. Kisha wanunuzi wa nje wakaanza kulalamika kwamba nyuzi zimekuwa fupi. Pamba ya Burkina ilikuwa na sifa ya nyuzi ndefu, na sifa hiyo ndiyo iliyokuwa bei yake. Mwaka 2016 nchi ilianza kurudi kwenye mbegu za zamani. Waliofanya uamuzi huo walikuwa makampuni ya pamba yenyewe, yaliyokuwa yanapoteza fedha sokoni; wanaharakati waliukuta umeshafanyika. Mkulima, ambaye mgongo wake ulikuwa umepumzika kubeba bomba, hakuwa na kura alipoingizwa, na hakuwa nayo alipotolewa.

Hii, kwangu, ndiyo hoja nzito dhidi ya pamba ya GMO mkoani Mara: anayeamua mbegu si yule anayebeba hasara. Tena ni hoja inayoilaumu pamba ya sasa vilevile. Wilaya ya Meatu, mkoa jirani wa Simiyu, kuna wakulima wa pamba hai wanaofanya kazi na bioRe tangu mwaka 1994, na soko lao linakataa GMO kabisa. Kwao zuio ni ulinzi wa bei, wazi kama mizani. Bunda hakuna soko kama hilo la kulinda, na hasira ya wakulima huwa juu ya bei, makato na malipo yanayochelewa. Musoma iliwahi kuwa na kiwanda chake cha nguo, MUTEX, na wazee wakikitaja hawazungumzii vinasaba.

Wakati macho yote yakiwa Makutupora, mambo mengine yalipita kimya. Mwaka 2012 Bunge lilitunga sheria ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, na mwaka 2015 Tanzania ikajiunga na umoja wa UPOV unaolinda haki hizo kimataifa. Maduka ya pembejeo yakajaa mahindi chotara, ambayo ukirudishia punje zake shambani zinakupa pungufu ya ulichotarajia. Mkulima amekuwa mnunuzi wa kila mwaka bila kinasaba kimoja kuhamishwa. TABIO na wenzake walilisemea hilo, nawapa haki yao. Lakini halikuwahi kujaza ukumbi kama GMO. Zuio la 2021 linawaridhisha watu kwamba mlango umefungwa, na wengi hawajaangalia dirisha.

Pagumu kuliko pote ni kwenye muhogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilianza kula mihogo ya Uganda, ikashuka kuzunguka ziwa mwaka hadi mwaka, ikabebwa na inzi weupe na, kwa masikitiko, na pingili zenyewe za ujirani. Mara ilipigwa kama Kagera na Mwanza. Majani yanajikunja, yanaingia madoa ya njano, mti unabaki kimo cha goti. Watafiti walileta aina zinazostahimili, mojawapo ikaitwa Mkombozi. Kabla watu hawajapumua, ukaja ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Huu ulikuwa wa pwani, H. H. Storey aliueleza mara ya kwanza mwaka 1936 akiwa Amani, Tanga, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hauwezi nyanda za juu. Baada ya mwaka 2000 ukaonekana Kanda ya Ziwa. Ukatili wake ni kwamba mti unaweza kuonekana wa kijani na wenye afya, halafu siku ya kung'oa, kiazi ukikipasua kimeoza kikavu ndani, rangi ya gome. Udaga wake haufai. Familia inagundua kwamba haina chakula siku ileile iliyopanga kula.

Kwa ugonjwa huu watafiti wa Kenya na Uganda, pamoja na kituo cha Danforth cha Marekani, walitengeneza muhogo uliopewa kipande cha taarifa za virusi vyenyewe, ili mmea uvitambue na kuvikata vinapoingia, kama chanjo. Juni 2021 mamlaka ya usalama wa viumbe ya Kenya iliuidhinisha, kwa jina la 4046. Hauna malipo ya hakimiliki. Unapandwa kwa pingili, hivyo ukiupata mara moja unaweza kuugawa kwa jirani miaka yote. Yaani mradi mmoja wa GMO katika eneo letu umekuja na umbo lile lile la undugu ambalo wapinzani wanasema GMO inaliua.

Nimesoma majibu yao, na baadhi yana uzito. Kwamba virusi hubadilika na kinga ya kinasaba kimoja inaweza kuvunjika. Kwamba Ukiriguru na vituo vingine vina aina zinazostahimili kwa njia ya kawaida, na kwamba siku hizi wako wakulima wanaozalisha pingili safi zilizokaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu. Fedha ziende huko kwanza. Hili la mwisho naliunga mkono kabisa. Lakini hoja ya kunyang'anywa mbegu, iliyobeba vuguvugu zima, hapa haina mahali pa kukanyaga. Mtu anayepinga muhogo huu kwa maneno yale yale anayopingia mahindi ya kampuni anaonyesha kwamba jina ndilo linalomtisha.

Kenya yenyewe haijatulia. Oktoba 2022 baraza la mawaziri la Rais William Ruto liliondoa marufuku ya miaka 10, na waziri wake wa biashara, Moses Kuria, akafanya mzaha kwamba nchini humo vitu vya kuua ni vingi, kuongeza GMO si neno. Mzaha huo uliwasaidia wapinzani kuliko maandamano yoyote. Umoja wa wakulima wadogo, wanasheria na wengine walikwenda mahakamani. Kesi moja ikatupwa mwaka 2023, na Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha tena uingizaji na upandaji wakati rufaa ikisubiriwa. Upande wetu Wizara ya Kilimo chini ya Hussein Bashe ilijibu uamuzi wa 2022 kwa kusema msimamo wa Tanzania haujabadilika na kwamba ukaguzi mipakani utakazwa.

Mpaka unaozungumzwa, kwa mkoa wa Mara, ni Sirari. Lori la mahindi linaweza kusimamishwa pale, punje zikachukuliwa, zikapelekwa kupimwa. Muhogo hauendi kwa lori. Wakurya wako Tarime na wako Kuria ya Kenya. Wajaluo wako Rorya na wako Migori. Harusi na misiba havijui geti. Batobato ilivuka hivyo, na Mkombozi nao ukasambaa hivyo. Siku rufaa ya Nairobi ikiisha na 4046 ukapandwa Migori, ukaonekana unatoa viazi vyeupe ndani wakati wa jirani vimeoza, shangazi atamletea mpwa wake Rorya mzigo wa pingili umefungwa kwa kamba ya katani, na hakuna jani litakaloonyesha tofauti. Kanuni za 2009 zilimwandalia dhima kamili mwagizaji mwenye ofisi, wakili na akaunti ya benki. Ukizisoma kama zilivyoandikwa, mwagizaji ni shangazi.